Kitambaa Chenye Harufu ya Petroli

Kila alasiri, akitoka shuleni, Christella alivua yunifomu na kumsaidia mama yake kuuza petroli ya chupa, esanse kama waitavyo huko, kando ya barabara, mtaani Ngezi, mjini Bunia. Nyumba nzima ilinuka petroli. Hakuna aliyejali.

Dada yake Estelle alikuwa na mimba ya miezi sita. Wengine hutamani udongo; yeye alitamani harufu ya petroli. Alimwagiza Christella kitambaa kilicholoweshwa, akakinusa chumbani mpaka macho yakalegea. Christella aliposita, jirani alimcheka na kumwambia mjamzito hanyimwi anachotamani. Basi akampelekea kila siku.

Mimba haijafika miezi minane, Estelle alijifungua kliniki. Mtoto alikuwa na kilo moja na nusu, alitetemeka, na hakuweza kunyonya. Muuguzi Suzanne aliuliza kama mama alikunywa pombe au kunusa kitu chochote. Estelle akatikisa kichwa. Mama yao akasema binti yake hata bia haijui.

Christella alijua. Akisema, dada yake angemchukia. Akinyamaza, muuguzi angetibu asichokijua.

"Alikuwa ananusa esanse," alisema. "Ni mimi nilikuwa namuletea."

"Weye mutoto, kinywa yako haina mulango," Estelle alisema, akageukia ukuta.

Suzanne hakugomba. Alieleza kwamba mvuke wa petroli hupita mapafuni, ukaingia katika damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto aweza kuzaliwa mapema, akiwa mdogo, au baadaye akachelewa kujifunza. Hakuapa kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini sasa alijua la kuchunguza.

Wiki tatu Estelle alimlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akimnywesha maziwa yake kwa kikombe kidogo. Siku mtoto aliponyonya mwenyewe, Estelle alimwita Christella.

"Kuya uone," alisema kwa sauti ndogo. "Ningepaswa kujikasirikia mimi mwenyewe, si weye."

Mama yao alimfunika mjukuu vizuri.

"Esanse ni ya pikipiki," alisema. "Niliisikia harufu, nikadhani ni nguo zangu. Hamu ya mjamzito si amri. Tungeuliza kliniki kwanza. Na wewe, Christella, ulisema kweli, lakini ulichelewa. Wote tulichelewa."

Kila mwezi wanampeleka mtoto kupimwa. Anaongezeka. Mengine watayajua atakapoanza shule.