Ng'ombe wa Nelius na Viti vya Ngozi

Nelius alikuwa na vikombe kumi na viwili vyenye maua ya buluu. Vilikaa ndani ya kabati la vioo. Kabati lilikaa sebuleni, na sebule ilifungwa kwa kufuli. Wenye nyumba walikunywa chai jikoni, kwa vikombe vya plastiki. Muchangi, mumewe, alikunywa amesimama mlangoni. Mutegi, kijana wao wa sekondari, alikunywa macho yakiwa kwenye simu. Carol, binti mkubwa, alitoka kwenda kufundisha nasari akiwa bado anatafuna. Nani alimsalimia nani? Hakuna aliyejua.

"Hivyo ni vya wageni," Nelius alisema mtu yeyote akivitazama vile vikombe.

Haya, wageni wenyewe wakawa wanakuja. Mchumba wa Carol alikuwa Murungi, mtu wa Mikinduri. Jumamosi wazazi wake wangefika Kianjokoma, kwa kina Nelius, kubisha hodi ya uchumba. Nelius alikuwa ameonyeshwa picha ya baba yake Murungi, Mzee Kathuri. Suti, kofia, na gari kubwa nyuma yake. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

"Hao ni watu wakubwa," alimwambia mumewe. "Wakikalia viti vyetu hivi vinavyolia kwiii, watasema Carol ametoka kwa maskini. Tumuuze Karembo. Tununue viti vya ngozi, kama watu wa heshima."

Karembo alikuwa ng'ombe wao wa pekee.

Muchangi alikuna kichwa. "Mama Carol, Karembo ana mimba ya miezi sita. Na maziwa yake ndiyo karo ya Mutegi. Hivyo viti vitakamuliwa?"

"Na aibu je? Utaificha wapi?" Nelius alifoka. Akampigia dalali simu. Dalali akasema atakuja Ijumaa asubuhi.

Alhamisi Nelius alienda kuazima sinia kubwa kwa jirani yake, Mama Ciakuthii. Huyu mama alikuwa mjane mwenye majani chai mpaka mtoni. Ukoo wa mumewe ulikuwa na mali tangu zamani. Lakini koti lake, jamani! Lilikuwa la kahawia, na miaka nenda miaka rudi ni lile lile. Sokoni Nelius na wenzake walikuwa wamemcheka sana. Walisema ana mkono wa birika.

Alimkuta akiunganisha mguu wa kiti kwa gundi.

"Kiti hiki kilinunuliwa kabla hujazaliwa," Ciakuthii alisema. "Karibu chai, Mama Carol. Umefika saa nzuri."

Meza ilikuwa na kitambaa safi. Mukiri, anayemchumia majani chai, alikuwa ameketi hapo hapo, akasogeza sahani ya nduma za kuchemsha. "Asante, Mukiri," Ciakuthii akamwambia. Vikombe vilikuwa vyembamba, vyenye ukingo wa dhahabu. Nelius alishika chake kwa mikono miwili, akiogopa.

"Mama, leo una wageni?"

"Sina. Ni Alhamisi tu."

"Na hivi vikombe?"

"Ni vya kunywea chai."

Nelius hakuweza kujizuia. Alieleza yote: wakwe, picha, ng'ombe, viti. Ciakuthii alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi nami nilipoolewa hapa nilidhani tajiri ni mtu wa kung'aa," alisema. "Baba mkwe, Mzee Ndambiri, ndiye aliyenifundisha. Alinunua kitu kimoja kizuri, akakitunza. Kikiharibika, alikitengeneza. Tulikula mezani sote pamoja, na kila mtu aliulizwa siku yake imekuwaje. Akiahidi saa mbili, saa mbili amefika. Na hakuuza hata mti mmoja wa kahawa ili watu wamwone. Alisema, 'Usiuze kinachozaa ununue cha kukalia.'"

"Kumbe! Na sisi tulidhani ni ubahili," Nelius alisema. Kisha akauma ulimi.

Ciakuthii alicheka mpaka akafuta machozi. "Najua! Hili koti langu linasengenywa mpaka sokoni. Lakini ni la sufu, lina joto. Ninunue lingine la nini?"

"Lakini mama, mimi sina mali kama yako."

"Kusema asante kunahitaji ekari ngapi? Na kuketi na watoto wako mezani? Chukua hii gundi, imebaki nyingi."

Nelius alirudi nyumbani na sinia, gundi na aibu. Aliona haya kwa yote aliyomsema yule mama.

Ijumaa dalali alifika na kamba. Nelius alisimama mlangoni mwa zizi. Aliwaza vile viti vya ngozi na moyo ukasita. Kisha akamtazama Karembo akicheua, tumbo limejaa.

"Haendi," alimwambia dalali. "Nisamehe kwa kukusumbua. Kunywa chai kwanza, ndipo uende."

Akafungua kufuli ya sebule. Muchangi aliunganisha kwa gundi miguu ya viti vyote sita. Mutegi alifua mapazia. Chakula kilipoiva waliketi mezani wote wanne. Kila mmoja akatazama sahani yake. Muchangi akakohoa. "Mutegi, siku yako imekuwaje?"

Mutegi alishtuka. "Baba, kwani nimefanya nini?"

Walicheka sana, na baada ya hapo maneno yakaja yenyewe.

Jumamosi wageni walifika kwa gari refu jeusi. Mzee Kathuri aliketi. Nelius akatega sikio. Kiti hakikulia. Chai ikamiminwa katika vikombe vya maua ya buluu. Punde Mama Lenah, mkewe Kathuri, akaponyokwa na chake. Kikombe kikaanguka, paa!

Mama wa watu alikaribia kulia. Nelius alisikia uchungu, ndiyo, lakini alikuwa tayari amesimama.

"Pole, mama. Hukuungua? Carol, mletee mama kikombe kingine."

Mzee Kathuri alivua kofia. "Wacha niseme ukweli," alisema. "Hii gari si yangu. Nimeikodi. Tuliogopa mtatudharau."

"Nyinyi? Mliogopa sisi?" Nelius aliuliza. "Na mimi nilitaka kuuza ng'ombe kwa sababu yenu!"

"Hiyo hiyo imetoa haya maziwa?"

"Ndiyo, baba."

"Mungu ni mwema hukuiuza," Kathuri alisema, akanyoosha kikombe aongezwe.

Miezi mitatu baadaye Karembo alizaa ndama jike. Karo ya Mutegi haikukwama, na habari zikafika Mikinduri. Siku moja mchana Mzee Kathuri alitokea bila kupiga simu. Alikuja na pikapi yake kuukuu, viatu vikiwa na matope. Aliwakuta mezani wanakula githeri.

Zamani Nelius angekimbia chumbani kubadilisha nguo. Siku hiyo alisogeza kiti chake kidogo kumpa mgeni nafasi.

"Karibu, baba," alisema. "Tunakula."