Darubini Iliyonunuliwa kwa Uzito

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, Kambo Émilienne alisimulia ndoto yake. Kambo ni bibi, kwa watu wa Likasi. Familia ilisikiliza ikinywa chai, kwa sababu ndoto ilikuwa tamu, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kuondoka. Katika ndoto maji yalikuwa meupe kama maziwa. Katikati ya maji kilisimama kichuguu kikubwa kuliko nyumba. Juu ya kichuguu walilala ndege.

Kichuguu hicho hakikuwa cha ndotoni tu. Zamani kilikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Kisha Wazungu waliuziba mto Lufira, na bonde likawa ziwa Tshangalele. Maji yalifunika mashamba na njia. Kichuguu kikabaki nje, kikawa kisiwa kidogo. Baadhi ya wavuvi walisema ndege wakubwa weupe wanazaa pale. Wengine walisema kichuguu kimekwisha kubomoka.

Kambo alitaka kuona mwenyewe. Lakini nyonga zake zilikuwa mbovu, hakuweza tena kuingia mtumbwini. Tena, mvua zikianza angehamia Kambove, kwa binti yake. Mwaka huo Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Askari walikuwa wameweka vizuizi barabarani, na aliyesafiri hakujua atarudi lini. Lori la wanunuzi wa samaki lingekwenda ziwani Jumapili, nalo lilikuwa na nafasi tatu. Ilikuwa Jumapili hiyo, au basi.

Urbain, mwanawe, aliona njia moja tu. Mama angekaa ukingoni na kutazama kwa darubini ya macho mawili, ile ambayo watu wa mjini waliiita jumelle.

Urbain alikuwa amebeba shaba kiwandani kwa miaka ishirini na miwili. Mkono wake ulikuwa mzani. Alinunua sabuni kwa uzito na viatu kwa uzito. Inasemekana hata Philomène, mke wake, alimchagua hivyo, siku alipombeba kumvusha mtaro. Jambo hilo halina ushahidi, kwa hiyo tutalinyamazia.

Ijumaa alikwenda kwa Stanislas, muuzaji wa vitu vilivyoachwa na Wazungu walioondoka haraka. Stanislas alikuwa na friji tatu, kofia nyingi, na piano iliyong'oka meno. Mezani palikuwa na jumelle mbili. Urbain aliinua ndogo nyeusi: nyepesi kama mkate. Akainua kubwa ya kijani: nzito kama tofali. Stanislas akamwambia kwamba ile ndogo inakuza mara nane tu, lakini hii kubwa inakuza mara ishirini. Urbain hakuuliza zaidi. Alilipa bei ya mbuzi mzuri, akarudi nyumbani ameinama upande mmoja.

Kambo alikaa mlangoni, akaelekeza chombo kwenye bomba la moshi la kiwanda.

"Cheminée inacheza," akasema. "Inacheza muzuri, lakini minye sikuomba ngoma."

"Mama, ni weye unatikisa."

"Minye iko na miaka makumi sita na kitu. Lazima nitikise. Ulininunulia minye, ao ulimununulia kijana?"

Urbain akajaribu mwenyewe. Juu ya paa la jirani palikuwa na njiwa wawili. Kwa jumelle walikuwa wanne. Mwanzoni alifurahia ongezeko hilo. Baada ya dakika tano kichwa kilimuuma na mikono ilichoka, hata yeye, mbeba shaba.

Philomène akaenda kumwita Fidèle, jirani yao. Fidèle alitengeneza saa na miwani, na aliongea taratibu, kana kwamba kila neno lina skrubu ndogo. Alifuta vioo kwa kitambaa laini, kisha akamwonyesha Urbain namba zilizoandikwa pale: 20 x 60. Akaeleza kwamba namba ya kwanza inasema kitu kitakuja karibu mara ngapi. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Kioo kipana huingiza mwanga mwingi, lakini huongeza uzito.

"Basi makumi mbili inapita munane," Urbain akasema.

"Kwa shaba, ndiyo, Papa Urbain. Kwa macho, hapana. Hii inakuza ndege mara makumi mbili, na inakuza kutetemeka kwa mukono mara makumi mbili."

Fidèle aliitikisa jumelle polepole karibu na sikio. Ndani kulikuwa na kitu kilichogonga kama punje ya mahindi. Aliielekeza kwenye mwanga, akaonyesha ukungu ndani ya kioo, mwembamba kama utando wa buibui. Mwisho akatazama waya wa umeme wa mbali kwa macho yote mawili, akaona nyaya mbili. Alisema chombo hiki kiliwahi kuanguka, na macho yake hayatazami tena mahali pamoja. Ndiyo sababu njiwa walizaliana.

Tena, rangi ile ilikuwa ya jeshi. Kwenye kizuizi askari wangetaka kujua Urbain anakwenda vita gani. Philomène akasema hana hamu ya kumweleza askari habari za ndege huku bunduki ikisikiliza.

Jumamosi Urbain, Philomène na Fidèle walikwenda kwa Stanislas. Stanislas hakurudisha pesa, lakini alikubali kubadilisha. Fidèle akaipima ile ndogo, 8 x 30. Nje ilikuwa na mikwaruzo, na Urbain akakunja uso. Fidèle akamwambia mikwaruzo ya nje haizuii kuona. Aliitikisa: kimya. Aliielekeza kwenye mwanga: vioo safi. Alitazama waya: mmoja. Bei yake haikufika nusu ya ile kubwa, hivyo Stanislas akajaza pengo kwa kofia ya Kizungu na mwavuli. Urbain alipima kofia kwa mkono. Mazoea ni kitu kigumu.

Jioni Fidèle alimfundisha Kambo. Kambo alifumba jicho la kulia, akazungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto likaona wazi. Kisha alifumba la kushoto, akazungusha pete ya jicho la kulia. Akaagizwa aegemeze viwiko magotini, na asitazame jua kamwe, kwa maana jua litamchoma macho.

Jumapili, kwenye kizuizi, Philomène alitoa jumelle mfukoni kabla hajaulizwa. Askari aliitazama, kisha akatazama mbuzi wa mbali kupitia upande usiofaa, ule wa vioo vikubwa. Alisema mbuzi huyo ni mdogo mno, akawaruhusu wapite.

Ukingoni walimsalimu kwanza mkubwa wa wavuvi na kumweleza wanachokuja kutazama, ili mtu asiwaogope. Kisha Kambo akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kofia kichwani, viwiko magotini.

Moshi wa nyika zilizochomwa ulikuwa umetanda. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, na hapakuwa na mstari kati yake. Mtumbwi wa mbali ulionekana unaelea hewani. Wengine waliona weupe tu. Kambo alitazama, akazungusha gurudumu kidogo, akatazama tena. Muda ukapita. Urbain alitaka kuuliza, akaogopa jibu.

"Iko pale," Kambo akasema. "Imekuwa mufupi, kama minye. Lakini iko."

Kisha akawasimulia. Mwari weupe, ndege wenye mdomo wa mfuko, walijaa juu, bega kwa bega. Mmoja alimlisha kinda, na kinda aliingiza kichwa kizima ndani ya mdomo wa mama yake, bila adabu yoyote. Wengine walikuwa wamelala, midomo imelazwa mgongoni.

Urbain alicheka kwa furaha. Akamwita Philomène kwa ile sauti yake ya kiwandani, inayoshinda mashine.

Kambo akainua kidole, bila kuondoa macho kwenye vioo.

"Sema polepole, Urbain. Wamelala kwetu."

Ndege walikuwa mbali, karibu kilomita nzima. Hakuna aliyebisha. Urbain aliomba msamaha kwa mnong'ono. Philomène alinong'ona pia, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu jirani wakashusha sauti. Saa ya kuondoka ilipofika, dereva wa lori hakupiga honi. Alikuja kuwaita akitembea kwa ncha za vidole.