Kola Shingoni mwa Gadiel

"Usiniguse shingo, Nalepo! Bado hujaridhika tu?"

Nalepo akarudisha mikono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, nyumbani kwa Gadiel kule Makumira, akitaka tu kumsaidia kuvua ile kola nyeupe ya kushikiza shingo aliyopewa hospitali.

"Mpenzi, daktari alisema kola ni ya siku chache. Ukikaa nayo muda mrefu misuli inalegea. Ugeuze kichwa polepole, kulia, kushoto, usilazimishe panapouma..."

"Daktari anaijua shingo yangu kuliko mimi?"

"Basi turudi akuangalie tena."

"Ungekuwa mwangalifu siku ile, nisingemhitaji daktari."

Nalepo akainuka, akaenda kumletea maji.

Alikuwa mwalimu wa yoga, amekodi ukumbi mdogo Kijenge. Gadiel, mchumba wake, alikuwa akija darasani mara mojamoja. Siku aliyoumia alichelewa, hakupasha mwili moto, akajilaza na kunyanyua miguu juu asimame kwa mabega, bila blanketi chini yake. Nalepo alikuwa akimrekebisha mtu mwingine. Alipogeuka, Gadiel alikuwa ameshaanguka, kashika shingo, analia kama mtoto. Misuli ilivutika kweli. Hilo halikuwa uongo.

Miezi ikapita, kola bado shingoni. Harusi ikaahirishwa. Mama yake Gadiel, mkulima wa kahawa huko juu mlimani, akampigia Nalepo simu kwa uchungu:

"Mwanangu nilikupa akiwa mzima! Hiyo michezo yako ya kupindua watu kichwa chini ndiyo nini?"

Nalepo akaenda hadi kwake, akaomba msamaha kwa magoti. Kisha akafunga darasa. Hata dada yake alipomwomba amkande mabega, alikataa. Alikuwa anaiogopa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi ukaingia ujumbe wa Gadiel: "Babe usije leo. Kichwa kinauma sana, mikono inakufa ganzi. Nalala."

Ganzi! Daktari alikuwa amewaonya wote wawili: ukisikia ganzi mikononi au kizunguzungu, usilale nyumbani, njoo hospitali. Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Imezimwa.

Akampigia mama yake Gadiel.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Gadiel mikono imekufa ganzi, na simu kazima. Nakwenda kumpeleka hospitali. Naomba uje tusaidiane."

"Yesu wangu! Nashuka sasa hivi!"

Wakakutana getini. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, wakazunguka nyuma. Kabla hawajafika uani, wakamsikia Gadiel akiongea, sauti yake nzima kabisa.

"Blanketi liwe chini ya mabega, siyo chini ya kichwa. Shingo haibebi uzito, umeona? Vinavyobeba ni mabega na mikono. Na ukiwa juu, macho yatazame kifuani."

Nalepo akaganda. Maneno yake mwenyewe ya darasani, neno kwa neno.

Mwanamke akacheka. "Haya yote umejifunzia wapi, baby?"

"Kipaji tu."

Wakatokeza. Gadiel alikuwa kwenye mkeka, kasimama kwa mabega, miguu imenyooka juu kama nguzo ya umeme. Kola ilining'inia kwenye kamba ya nguo. Pembeni yake msichana mwenye suruali ya mazoezi alikuwa anamrekodi kwa simu.

"Gadiel!" mama akapiga ukelele.

Miguu ikayumba. Kichwa kikaanza kugeuka kuifuata sauti.

"Usigeuze kichwa!" Nalepo alisikia sauti yake ikitoka kabla hajafikiri. "Tazama kifuani. Kunja magoti. Mikono ibaki mgongoni. Shuka... polepole... mgongo kwanza. Haya. Lala hapo. Sasa kaa."

Gadiel akakaa, mzima. Akainamisha uso.

Msichana ndiye aliyeanza. "Samahani, nyie ni nani?"

"Mimi mama yake," mama alijibu. "Huyu ni mchumba wake. Na wewe?"

"Brenda. Mchumba? Gadi, si uliniambia mliachana? Ukasema alikuumiza makusudi?"

"Nalepo, nisikilize. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia..."

"Ulipona lini?"

"Siyo hivyo unavyofikiri."

"Gadiel. Ulipona lini?"

"Zamani. Ile mara ya pili niliyoenda peke yangu, daktari aliniambia niivue kola."

"Ukairudisha."

"Ulikuwa unanihurumia. Huniulizi niko wapi, niko na nani. Na harusi... sikujua naivunjaje bila watu kunilaumu."

"Kwa hiyo nilaumiwe mimi."

Gadiel akaanza kukunja mkeka.

"Ungeniambia hunitaki, ningelia yakaisha. Wewe umeniacha niamini kwamba nalemaza watu. Nimefunga kazi ninayoipenda, naamka nakuombea. Kumbe uko hapa unamfundisha mwenzangu kwa maneno yangu!"

Brenda akaokota viatu vyake. "Dada, mimi sikujua. Kweli tena." Akaondoka bila kumuaga Gadiel.

Mama akamshika Nalepo mkono, machozi yakimtoka. "Binti yangu, nilikutukana."

"Ulimwamini mwanao, mama. Hata mimi nilimwamini."

"Twende nyumbani, tuwaite wazee tuyazungumze."

"Kwako nitakuja kukusalimia, mama. Mkwe wako sitakuwa."

Alipofika ukumbini Kijenge alifunga mlango, akafungua kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, akaandika: "Habari zenu wapendwa. Harusi haipo tena. Gadiel alishapona siku nyingi, alinificha kwa sababu zake. Asanteni kwa upendo wenu." Akatuma, akajitoa.

Ndipo akalia, kwa sauti, kilio alichokibana tangu kule uani.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Vaileth, mwanafunzi wake wa siku nyingi, naye mwanakamati.

"Pole sana mwalimu. Nimesoma. Sikulazimishi, lakini ukumbi ukifungua tu, mimi nipo."

Nalepo akafuta macho kwa kiganja, akaandika:

"Jumatano jioni. Njoo na blanketi."