Jedwali la Mzio

Marehemu alikuwa bado kitandani, alama ya sindano mkononi. Dakika kumi baada ya kuchomwa penisilini, koo lilivimba likaziba. Mama wa miaka arobaini, kaja kutibiwa jipu tu!

"Ana mzio wa penisilini, na tulisema!" mdogo wake alilia. "Wiki tatu zilizopita, pale mapokezi. Karani aliandika, nikamwona kwa macho yangu."

Lakini kabla ya sindano, muuguzi alipoingiza namba ya simu ya mgonjwa, kompyuta ilijibu: HANA MZIO. Na kumbukumbu zilionyesha aliyebadilisha ni karani yule yule, siku ya Jumanne. Karani akatiwa mahabusu, nyumbani kaacha mtoto wa miezi minne anayenyonya. Kesho yake afikishwe mahakamani.

Inspekta wa polisi alimwendea fundi wa kompyuta, aliyeuunda mfumo ule wa kumbukumbu za wagonjwa peke yake. Inspekta alishaanza kuumwa kichwa.

"Data ziko kwenye wingu, afande, katika jedwali ambalo..."

"Kwenye wingu sipeleki pingu. Nieleze kama unamweleza mama yako."

Fundi alishusha pumzi. Kila mgonjwa ana mstari mmoja katika jedwali la mzio. Mstari hauna jina. Unatambulika kwa funguo mbili: hospitali na namba ya simu.

"Na ndugu wawili wakitumia simu moja?"

"Hao ni wachache, afande."

Wachache! Inspekta alitamani kumzaba kibao. Yeye mwenyewe alikulia nyumba ya watu saba na simu moja. Akatoka hadi kwa mdogo wa marehemu.

"Jumanne ulikuwa wapi, dada?"

"Hapa hapa. Nilikuja kupima presha. Karani akaniuliza kama nina mzio, nikamwambia sina."

"Ulitoa simu ya nani?"

"Ya dada. Mimi sina simu." Akashika mdomo. "Mungu wangu. Ni mimi nimemuua?"

"Si wewe. Hata kidogo."

Alirudi kwa fundi bila kubisha hodi.

"Karani anasema zamani mashine ilikuwa ikikataa namba iliyokwisha kuandikwa. Jumanne haikukataa. Fungua historia ya mabadiliko ya programu yako."

"Itachukua muda..."

"Fungua!"

Badiliko la mwisho: Jumatatu, saa nne asubuhi. Palipokuwa na amri ya kuongeza mstari mpya tu, iliwekwa nyingine: ongeza, na kama upo, weka mpya juu ya wa zamani.

"Nani alibadilisha?"

Fundi alianza kufunga ukurasa.

"Nakuuliza, nani?"

"Mimi."

"Ulijua wa zamani utapotea?"

"Nilijua."

"Na bado ukaandikisha maelezo polisi kwamba karani kafuta kwa makusudi!"

"Niliogopa, afande."

"Ulibadilisha kwa nini?"

"Kila mashine ilipokataa, karani alinipigia. Mara sita, mara saba kwa siku. Daima kuna mtu ana simu ya nduguye. Nilichoka kusumbuliwa."

Inspekta alimfunga pingu, kisha akaenda mwenyewe kufungua mahabusu. Alimweleza karani yote, bila kumficha neno. Mama yule alisikiliza amesimama, gauni limelowa maziwa kifuani.

"Jumanne mashine ilipokubali," alisema, "nilifurahi. Nikasema afadhali, leo sitamsumbua fundi."