Msomaji wa Upande wa Pili

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikimbilia chumba cha kompyuta na kukalia kiti kibovu cha dirishani. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wiki hiyo, hata hivyo, alikuwa kimya. Alikuwa akiandika programu ya kumsomea vitabu kwa sauti rafiki yake asiyeona, ili siku ya wazazi naye ajibu maswali ya hadithi kama wenzake.

Sehemu ya sauti ilimtoa jasho. Shangazi yake, mtaalamu wa programu, akampa maktaba, yaani mkusanyiko wa programu ndogo zilizokwisha kuandikwa, ila kwa lugha nyingine ya kompyuta. Ndani yake mlikuwa na klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea "wasomaji", vijiprogramu vinavyosoma maandishi kwa sauti.

"Usiiandike upya," alisema shangazi. "Programu yako itapiga hodi upande wa pili, kwenye maktaba hii, iombe msomaji, imtumie. Ukimaliza naye, mruhusu aende. Upande ule haujui kama umemaliza mpaka useme."

"Sawa, shangazi," alijibu Chiriku, akili ishafika kwenye kibodi.

Akaiunganisha programu yake na maktaba, na sauti ikatoka safi kabisa. Lakini baada ya kurasa chache, kompyuta ikaganda. Akaiwasha upya, ikaganda tena palepale, na siku ya wazazi ilikuwa kesho yake.

"Mashine mbovu hii," alinung'unika.

"Si uliniambia kila sentensi unaomba msomaji mpya?" aliuliza rafiki yake, aliyeketi kando akisikiliza. "Sasa wale wa mwanzo wamekwenda wapi?"

Chiriku akashika kichwa. Hawakuwa wamekwenda popote. Walijazana kwenye kumbukumbu ya kompyuta kama wageni waliokwisha kula na hakuna anayeaga. Akairekebisha programu: akaomba msomaji mmoja tu, akampa sentensi zote, mwishoni akamruhusu.

Kesho yake programu ilisoma hadithi nzima bila kukwama. Mwalimu alipoanza kuuliza maswali, rafiki yake alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Akajibu la kwanza, la pili, la tatu, hadi wazazi wakasimama kumpigia makofi. Chiriku alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Shangazi akamshika bega. "Kutumia kazi ya mwenzako si aibu, mwanangu. Ila ukipewa, sikiliza na masharti yake. Umechelewa kusikiliza, lakini umesikiliza, na tazama nani anajibu maswali leo."