Kisanduku cha Hewa Kavu

Walikutana kwenye kaunta ya duka la vyuma, mchana, watu wamebanana, wawili hao kila mmoja kashika upande wake wa boksi la mwisho la beringi. Mwanamume mpimaji wa maabara, koti la kijivu limepauka viwikoni. Msichana muuzaji wa kiwanda cha vipako vikavu, ule unga mweusi unaogandishwa kwenye chuma kiteleze bila mafuta. Gauni la kijani, halina hata doa.

"Chukua, kaka," msichana alisema. "Ila chai unanunua wewe."

Chai ikazaa simu, simu zikazaa mapenzi. Msichana akambandika jina la Profesa, akamcheka kwa kuzungumza na mashine yake.

Kiwanda cha msichana kikaleta maabara kipako kipya cha beringi za lifti ya hospitali, na kazi ya kukipima ikamwangukia Profesa: ncha ya chuma isugue kisahani kilichopakwa, kizunguke mpaka kipako kiishe. Msichana alimletea chakula kila siku, akimlindia mashine anapokwenda kunawa. Kipako kikavuka mizunguko laki moja iliyotakiwa. Profesa akatia sahihi, beringi zikafungwa kwenye lifti, msichana akapandishwa cheo.

Miezi miwili baadaye, akisafisha kisanduku cha mashine, Profesa aliokota nyuma ya feni kifuko cha chembe za kunyonya unyevu. Hakukiweka yeye. Na kipako cha aina ile hudumu kwenye hewa kavu tu. Akarudia jaribio bila kifuko. Kwenye mzunguko wa elfu kumi na moja kipako kikaisha, chuma kikalia.

Akampigia simu aje.

"Hiki chako?"

Msichana alikitazama kifuko. "Nilitaka kazi isikwame, mpenzi."

"Ulingoja nikanawe mikono nile chakula chako."

"Ukifuta ripoti tunafukuzwa wote. Na Jumapili nyumbani wanakungoja. Mama ameshaanza kukuita mkwe."

"Ulinipenda siku ile ulipokiweka?"

"Nilikupenda. Nakupenda."

Profesa alimwamini, na hapo ndipo palipomchoma. Akaandika barua ya kufuta ripoti, akamsogezea kalamu. "Weka jina lako chini ya langu. Jumapili nitakuja."

Msichana akasoma mara mbili, akaomba siku moja ya kufikiri. Wagonjwa walikuwa wanapanda lifti ile saa ileile. Profesa akatia sahihi peke yake, akampigia mkuu wa hospitali.

"Lifti isimamishwe. Kosa ni langu, niliiacha mashine bila kuiangalia."

Msichana alisimama mlangoni akingoja kutajwa. Simu ilipokatwa bila jina lake, ndipo akaanza kulia.