Mlango Nyuma ya Pambo

Kitambaa cheupe cha shifoni kilichomoka kwenye bodaboda, kikajikunjua katikati ya stendi ya Kahama na kuishia kwenye buti za Euphrasia. Ilikuwa Jumamosi, stendi imefurika: wapiga debe wa mabasi ya Mwanza wanagombania abiria, magunia ya mchele yanapakiwa, vijana wa machimboni wanateremka na vumbi lao. Euphrasia mwenyewe alikuwa ametoka mgodini, njia ya Bulyanhulu, yumo ndani ya ovaroli la rangi ya chungwa, kofia ngumu inaning'inia begani. Mwenye kitambaa akaja mbio, shati limepigwa pasi likanyooka, futi ya fundi shingoni.

"Dada yangu, usisogee. Ukikikanyaga, nimekwisha."

Euphrasia hakusogea. Aliinama, akakifikicha kitambaa kwa vidole, akasema, "Hiki kinashika moto upesi sana."

Kijana akamtazama kuanzia buti hadi nywele. "Naitwa Mihayo. Watu wengine huanza na salamu."

"Habari yako, Mihayo. Naitwa Euphrasia. Lakini kinashika moto."

Wakacheka wote wawili, wakakikunja pamoja, huyu ncha hii na yule ncha ile, na kufikia mwisho wa kitambaa mikono ikakutana. Hapo tena, jamani, nani angewazuia.

Mihayo alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi. Ukumbi uliochakaa kama ghala la pamba yeye aliugeuza ukatamani kuolewa humo hata kama umeshaolewa. Euphrasia alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uhandisi wa kinga ya moto, na mgodini alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Kila alipotaja masomo yake, watu walimuuliza kama ataendesha lile gari jekundu.

"Kwa hiyo unasomea kuzima?" Mihayo alimuuliza.

"Kuzima ni mwisho kabisa. Nasomea moto usianze, na ukianza, watu wawe wameshatoka."

"Na huu ulioanza kifuani mwangu pale stendi?"

"Huo acha kwanza tuuchunguze," alijibu, akaangalia pembeni ili asionekane anavyotabasamu.

Zikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Injinia wangu, umekula?"

"Nimekula, mpambaji wangu. Nimeshinda chini ya ardhi nakagua mitungi ya kuzimia moto, mpaka sasa masikio yanavuma."

"Wabeja, mama. Kazi njema. Ila huko chini usinisahau, mimi niko juu nakusubiri."

Shukrani hiyo ya Kisukuma ilimyeyusha kila mara. Alimpenda Mihayo, hakujificha hata kwa nafsi yake.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja. Kila walipokwenda kula, Euphrasia alichagua kiti kinachotazama mlango, na kabla hajagusa chipsi, macho yalikuwa yameshauzunguka ukumbi mzima. Mihayo aliliona hilo. Akalimeza, likamkaa kooni.

Ikaja harusi ya binti wa Mama Selestine, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwanamke ambaye akikusifu umepata kazi za mwaka mzima. Mihayo alimwalika Euphrasia. Akaja mchana, amevaa gauni la satini la kijani, hereni ndefu, viatu vya kuchuchumia. Mihayo alipomwona alisahau alichokuwa akikifunga. Ukumbi wote ulikuwa umevikwa shifoni, ukuta hauonekani.

"Mlango wa dharura uko wapi?" Euphrasia akauliza.

"Nyuma ya pambo, pale kwa maharusi."

"Na zile mashine za fataki chini yake? Mihayo, watu wote hawa watapita mlango mmoja? Fungua pambo hapo."

"Ndiyo, mpenzi. Nitalifungua."

Akaenda kupanga maua. Jioni watu wakajaa, bibi arusi akaingia na vigelegele, na pambo lilikuwa vilevile. Mihayo hakuonekana. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa fataki zinawashwa. Euphrasia hakungoja. Alichukua mkasi kwenye sanduku la Mihayo, akapita nyuma ya meza kuu, akakata pale alipodhani panashikilia kipande cha mlangoni tu.

Kumbe pambo lote lilining'inia kwenye kamba moja. Lilishuka lote, taratibu kabisa, likafunika maharusi, wazazi wa pande zote mbili na keki ya ghorofa tano. Keki ikaegemea, ikafikiri kidogo, ikalala chini. Mpiga video hakukosa hata sekunde.

Nje, kwenye maegesho, Mihayo alimkabili. "Ungeniambia."

"Nilikuambia mchana. Ukasema ndiyo, mpenzi."

"Sasa nimekuelewa. Tangu siku ya kwanza macho yako yako mlangoni. Kila tukikaa, unatafuta pa kutokea. Basi mlango umeshaufungua, Euphrasia. Ondoka."

Aliondoka. Viatu alivishika mkononi, na machozi hakuyafuta.

Wiki ile ilikuwa chungu. Alimpigia Mama Selestine kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mkasi?"

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe."

"Keki tuliila ile ya juu. Lakini mwenzako umemmaliza. Video imefika mpaka mji wa Maganzo, na wenye harusi zao wanamkimbia. Kuhusu mlango ulikuwa sahihi, mwanangu. Ila hukuuliza kamba imefungwaje."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Alimpigia Mihayo, simu ikaita hadi ikakata. Akaandika ujumbe wa kuomba radhi, ukasomwa, haukujibiwa. Na mafunzo yalikuwa yamekwisha, Jumamosi angepanda basi kurudi chuoni. Akipanda hivyohivyo, alijua, basi tena, amempoteza.

Jumamosi asubuhi, begi liko mlangoni, simu ikaita.

"Basi lako linaondoka saa ngapi?" Ni Mihayo.

"Saa nane."

"Pitia ukumbini kwanza. Njoo na mkasi."

Alikuta ukumbi mtupu, umepambwa tayari kwa harusi ya siku ile, ya majirani zake Mihayo, watu pekee ambao hawakumkimbia. Shifoni ilikuwepo, lakini kila kipande kimefungwa kwa kamba yake. Mlango wa dharura ulikuwa wazi, jua linaingia, umezungushiwa kitambaa cha manjano na maua, ukawa mahali pazuri kuliko pote ukumbini. Mashine za fataki zilikuwa nje uwanjani.

"Maharusi wataingilia hapo," Mihayo alisema. "Jaribu kukata popote, kitaanguka kimoja tu."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Uliwahi kuniambia kwenye moshi mtu hutambaa, mkono ukutani. Nikajifunga kitambaa machoni nikatambaa humu ndani, nikazungukwa na pambo langu mwenyewe, mlango nisiupate. Niliogopa, Euphrasia. Nikawaza watoto wa watu. Nisamehe nilivyokufukuza."

"Na mimi nisamehe. Nilikata kazi yako bila kukuuliza." Akavuta pumzi. "Na kuhusu mlango. Chuoni, mwaka wa kwanza, mwalimu alituambia usikae mpaka ujue utamtoaje uliyekuja naye. Sikuwa natafuta njia ya kukukimbia, Mihayo. Nilikuwa natafuta pa kukutolea wewe."

Macho ya Mihayo yalilowa, wala hakujali kuonekana. Katikati ya ukumbi alikuwa ameweka meza ndogo, chipsi na kuku, viti viwili: kimoja kinatazama mlango, kingine kimeupa mgongo.

"Nataka kuleta wazee kwenu," akasema. "Si leo. Ukimaliza mwaka wa nne. Hata ukisema hapana, basi lako hutalikosa, nitakubebea begi mwenyewe."

Euphrasia aliviangalia viti vile. Kisha akakivuta kile kinachoupa mlango mgongo, akakaa, akatandaza gauni lake, akachukua kipande cha kuku.

"Kaa hapo mbele yangu, mpambaji wangu," akasema. "Leo mlango uangalie wewe."